Wakuu, kule Pompeii picha za ukutani zilikuwa za matajiri tu?

Kipepeo Usiku

Heshima kwenu wakuu. Juzi nimekaa naangalia dokumentari ya ule mji wa Kirumi uliozikwa na volkano mwaka 79, Pompeii, kule Italia karibu na Naples. Nilisema naangalia dakika kumi nilale, kushtuka saa nane usiku na macho makavu. Kilichonimaliza siyo zile maiti za plasta (maumbo ya waliokufa yaliyobaki kwenye majivu yakajazwa plasta), zile kila mtu ashaziona, ni kuta. Kila mlango wanaoingia ukuta umechorwa, nyekundu ile iliyoiva, njano, nyeusi, ndege, samaki, miungu wa kike wanaelea hewani, na nguzo za uongo ambazo ukisimama mbali unaapa kabisa kwamba pale kuna varanda inaendelea kumbe ukuta umeishia hapohapo.

Sasa maswali yangu. Moja, hii ilikuwa ya matajiri tu au hata muuza mikate alikuwa na kipicha chake? Mbili, waliochora ni kina nani, maana mtangazaji kataja wenye nyumba kibao lakini mchoraji hata mmoja hakuna. Tatu na hii ndiyo inanikera, rangi inakaaje karibu miaka 2000 wakati chumba changu nimepaka mwaka juzi tu na tayari kinabanduka kama ganda la yai. Halafu kwa ujumla mtu wa kawaida pale siku yake ilikuwaje, anakula nini, anaenda wapi. Mwenye kujua atiririke, najua humu kuna vichwa.

Mzee wa Magofu

Mkuu umenigusa penyewe. Jibu fupi la swali la kwanza ni hapana, hazikuwa za matajiri tu, ila ngazi zilikuwepo na unaziona kwa macho.

Juu kabisa weka ile inayoitwa Nyumba ya Faun, karibu mita za mraba 3000, yaani nyumba moja imekula mtaa mzima. Humo ndimo ilikutwa mozaiki ya Alexander Mkuu akipambana na Darius mfalme wa Uajemi, vipande zaidi ya milioni moja, vidogo vidogo, na hiyo ni sakafu siyo ukuta. Sasa hivi iko makumbusho ya Naples. Ukiitazama utaona askari mmoja kaanguka, uso wake unajiona kwenye ngao iliyong'arishwa, anajitazama anavyokufa. Mtu kapanga kokoto mpaka akatoa sura ndani ya kioo! Mimi nikifika hapo huwa nasimama kwanza.

Kati weka akina Vettii, Conviva na Restitutus, walikuwa watumwa wakaachwa huru, wakatajirika, wakajaza nyumba michoro kama wanamkomoa mtu. Ilifungwa miaka mingi kwa ukarabati, ikafunguliwa tena Januari 2023. Pale mlangoni mgeni anapokelewa na mungu Priapus anapima uume wake kwenye mizani, upande mmoja uume upande wa pili mfuko wa hela. Ndiyo, mlangoni. Lengo ni kuzuia jicho baya na kutangaza neema, kwao haikuwa matusi kama tunavyoona sisi.

Chini yao kuna picha naipenda kuliko zote, ya Terentius Neo na mke wake. Nyumba yao ilikuwa imeungana na sehemu ya kuoka mikate kwa hiyo wengi wanamuita muoka mikate. Mwanaume kashika karatasi ya kukunja, mke kashika kibao cha nta na kalamu kaigusisha kidevuni, kama mtu anapiga hesabu akakatishwa. Hawacheki, hawajikwezi, wanakutazama tu. Wote wawili wanataka ujue wanasoma na kuandika.

Na chini kabisa vibanda vya msosi. Vilikuwa kama 80 hivi mjini, kaunta ya mawe ina matundu, ndani ya matundu mitungi. Kimoja kilimaliziwa kufukuliwa mwaka 2020, mbele ya kaunta kumechorwa bata wawili, jogoo, na mbwa kafungwa mnyororo, rangi utasema jana. Ndani ya mitungi wakakuta mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Kwa hiyo jibu ndiyo hilo, hata mama ntilie wa Pompeii alikuwa na mchoro, na mchoro wake ulikuwa na kazi, unavuta wateja. Kuna mtu kakwaruza tusi palepale kwenye fremu ya yule mbwa, anamtukana mtu anaitwa Nicia, tusi lenyewe siwezi kuandika hapa mods watanifungia.

Kuhusu wachoraji hakuna anayejulikana kwa jina. Suala la rangi namuachia fundi.

FundiLipu

Nimeitwa nimekuja. Mimi ni mtu wa lipu na rangi, hii mada nimeifuatilia kwa sababu ya kazi siyo shule, kwa hiyo mkinikuta nimekosea kihistoria mnivumilie.

Kipepeo, chumba chako kinabanduka kwa sababu rangi yako imekaa JUU ya ukuta, ni ngozi tu. Wale rangi yao iko NDANI ya ukuta. Wanapiga lipu ya chokaa na mchanga, wanarudia, halafu tabaka za juu chokaa na unga wa marumaru. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika kabla hata volkano haijalipuka, anataka tabaka tatu za mchanga na tatu za marumaru, ila Pompeii wengi hawakufika huko, mafundi ni walewale duniani kote tajiri akigeuka tabaka linapungua. Sasa ile ya mwisho ikiwa bado mbichi unapaka rangi iliyochanganywa na maji tu. Chokaa inapokauka inavuta hewa ya kaboni inageuka kuwa jiwe tena, na rangi inafungiwa humohumo kwenye jiwe. Ndiyo maana haibanduki, ibanduke iende wapi.

Ubaya wake ni kwamba unakimbizana na muda. Unaanza juu unashuka chini ili usichafue ulichomaliza, na unapiga lipu kipande utakachowahi leo tu. Ukiangalia kuta zile kwa karibu na mwanga wa pembeni unaona maungio, unaona kabisa jana aliishia hapa leo kaanzia hapa. Unaona na alama za uzi! Wanavuta uzi wanaubonyeza kwenye lipu mbichi ili mstari unyooke, sawasawa na mimi ninavyopiga uzi, na pale penye duara unakuta katundu ka bikari. Siku nimeona picha ya hayo matundu nilicheka peke yangu, nikajiona nina ndugu.

Kuna nyumba moja inaitwa Nyumba ya Wachoraji Kazini, hiyo ndiyo inanitoa machozi. Volkano imewakuta saiti. Ukuta juu umekamilika, katikati pana michoro ya awali tu haijajazwa, chini kabisa bado lipu ya rafu. Vibakuli vya rangi vimebaki sakafuni, chokaa imebaki. Watu wametupa vifaa wakakimbia. Fundi hatupi vifaa vyake hivihivi ujue.

Kuhusu bei. Rangi za udongo, njano, nyekundu ya kawaida, nyeupe, fundi alikuja nazo mwenyewe. Zile kali mteja ananunua mwenyewe anamletea fundi, Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, ndiye kaandika hivyo. Kali kuliko nyingi ni ile nyekundu ya madini ya zebaki iliyotoka Hispania, sheria iliweka bei isizidi sesta 70 (sesta ni sarafu ya Kirumi) kwa ratili. Kuna tangazo la baa pale mjini linasema kwa asi moja, sarafu ndogo, unakunywa hapa, kwa mbili unakunywa nzuri zaidi, kwa nne unakunywa Falernian, ile mvinyo ya maana. Sesta moja ni asi nne. Piga hesabu, ratili moja ya rangi ni vikombe 280 vya ile ya bei chee. Na Pliny huyohuyo analalamika mafundi walikuwa wanaiba hiyo nyekundu kwa kuosha brashi mara kwa mara, rangi inazama chini ya ndoo, jioni wanamwaga maji wanaondoka na rangi iliyozama. Sina la kuongeza hapo.

Na haikuwa hata rangi ya kuaminika. Vitruvius anasimulia mtu mmoja kule Roma, mwandishi wa serikali anaitwa Faberius, alitaka kuonekana kapaka ukumbi wake wa wazi wote hiyo nyekundu, siku 30 jua likaigeuza ikawa madoadoa, akabidi apige kandarasi upya. Yaani pesa zote zile.

Cha mwisho, siyo kila nyekundu unayoiona Pompeii ilikuwa nyekundu. Njano ya udongo ukiichoma inakuwa nyekundu, na ile gesi ya moto ya volkano ilizichoma kuta, kwa hiyo kuta kadhaa ambazo leo watu wanasema "nyekundu ya Pompeii" zilipakwa njano. Hata kuta za sebule za wazungu zimeiga rangi ya ukuta ulioungua.

Mkaidi Hafaidi

Nawasoma mnavyopendezwa. Naombeni nami nitie mchanga kidogo.

Mzee kaelezea nyumba ya Vettii, hakusema kuna chumba kina mkanda wa picha ukutani wa vitoto vyenye mabawa vinafanya kazi. Kimoja sonara, vingine vinatengeneza manukato, vingine madobi, vingine vinauza mvinyo, vyote vinene, vinacheka, havitoki jasho. Tajiri kalala kwenye kochi la kulia chakula anatazama ukutani kazi inafanywa na malaika. Nani alikuwa anaifanya kweli?

Nendeni kwenye mikate basi. Nyumba ya kuoka ya Modestus walikuta mikate 81 ndani ya tanuri, imekuwa mkaa lakini ina umbo, duara, imekatwa alama vipande vinane. Mzuri kuutazama, unapigwa picha mpaka basi. Ngano yake inasagwa kwenye mawe ya volkano mazito yenye kiuno kama hourglass, jamani sijui mnaiitaje, ile chupa ya mchanga ya kupimia muda, na punda anazungushwa kafunikwa macho. Mwisho wa mwaka 2023 walitangaza kufukua sehemu moja ya kuoka ambayo haina hata dirisha la kuangalia nje, vidirisha vidogo vya juu na vina nondo. Sakafuni kumechongwa alama ili punda wasiteleze na hatua zao zipangike. Mlango wa kutokea haupo isipokuwa kupitia ndani kwa mwenye nyumba. Watumwa na punda pamoja humo humo, gizani, vumbi la unga. Nyumba hiyohiyo upande wa pili kuta zimechorwa vizuri.

Sikatai uzuri wake. Ninachosema ni kwamba ukiuliza "mtu wa kawaida" Pompeii alikuwa anaishi vipi inabidi kwanza uulize mtu yupi, maana sehemu kubwa ya watu wa kawaida ilikuwa mali ya mtu. Na ndiyo jibu langu la kwa nini wachoraji hawana majina. Mzee kasema "hakuna anayejulikana" kama vile karatasi imepotea. Hawakuulizwa! Picha ilikuwa ya aliyelipa.

Mzee wa Magofu

Hapo kwenye vitoto umenikamata, nimepita hicho chumba kwenye picha mara mia nikiona urembo tu. Nimekubali.

Ila kwa haki niongeze kuhusu siku ya mtu huru asiye na kitu. Asubuhi unawahi kwa mkubwa wako, yaani tajiri anayekufadhili, kumsalimia, unakaa foleni nje, nyumba kubwa zina mabenchi ya mawe mlangoni. Kwako ni chumba kimoja juu ya duka, jiko hakuna, ndiyo maana vibanda vya msosi vilikuwa vingi vile. Maji unachota kwenye bomba la njia panda, yalikuwa kama 40 mjini, kingo za mawe zimelika pale ambapo vizazi na vizazi vimeegemea mkono wakati wa kunywa. Barabara ina mawe makubwa ya kuvukia ili usikanyage maji machafu. Mchana bafu za umma. Nguo unapeleka kwa dobi, naye anazikanyaga kwa miguu kwenye mkojo, kwa sababu ya ile amonia. Kaisari Vespasian alitoza kodi huo mkojo.

Kalamu ya Mkaa

Samahanini nimechelewa na nimekuja kubisha. Mchoraji mwenye jina YUPO.

Kuna nyumba ya Octavius Quartio, barabara kubwa ya Via dell'Abbondanza ukikaribia uwanja wa michezo. Bustanini kuna mfereji mrefu wa maji na mwisho wake makochi mawili ya mawe ya kulia chakula nje. Ukutani upande huu Narcissus, yule kijana wa hadithi aliyependa sura yake mwenyewe, anajitazama kwenye maji, upande ule wapenzi wa hadithi za kale, Pyramus kalala amekufa na Thisbe anajichoma. Chini yake, pale kwenye kochi, kumeandikwa maneno mawili, LUCIUS PINXIT, Lucius kachora. Basi. Picha yenyewe kusema kweli ni ya kawaida, huyo Thisbe mkono umemshinda, lakini ndiye aliyesaini na wale mabingwa hawakusaini.

Sasa hapa ndipo Mkaidi sikubaliani naye nusu. Kulikuwa na kundi jingine la watu wa brashi ambao majina yao tunayo, waandika matangazo. Pompeii ilikuwa na uchaguzi kila mwaka, na kuta za nje zimejaa kampeni, zimehesabiwa zaidi ya 2500, "majirani wanaomba mumchague fulani". Mengine ya kumchafua mtu, kuna tangazo linasema wanywaji wa usiku wote wanamuunga mkono Marcus Cerrinius Vatia awe mkaguzi wa mji, jingine vibaka wadogo nao wanamuunga mkono huyohuyo. Siasa chafu haikuanza leo.

Hao waandishi walifanya kazi usiku. Mmoja anaitwa Aemilius Celer. Kwenye tangazo la mapambano ya gladieta, jozi 20 za Lucretius Satrius Valens na jozi 10 za mwanawe, kutakuwa na wanyama wa kuwindwa na turubai la kuzuia jua, pembeni kaandika kwamba hii ameandika Aemilius Celer, peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi. Peke yake! Maana kawaida wanakuwa timu, kuna wa kupaka chokaa, wa ngazi, wa taa. Kuna ukuta mwingine kumeandikwa "wewe mshika taa, shikilia ngazi". Na Celer huyohuyo mahali pengine kamalizia tangazo la kampeni kwa kumwambia atakayefuta, ewe mwenye husuda unayefuta hii, uugue.

Mimi huyo jamaa namuona kabisa. Yuko juu ya ngazi, hamna wa kuishika, mwezi ukiingia wingu anasubiri.

Halafu kuna wale wasiolipwa na mtu, wanakwaruza kwa msumari tu. Ni maelfu. Mapenzi, madeni, salamu, fulani alipita hapa. Mpaka mtu mmoja kachoka akaandika, ewe ukuta nashangaa hujaanguka bado kwa jinsi unavyobeba upuuzi wa waandishi wengi hivi. Na huo utani ukasambaa, umekutwa sehemu zaidi ya moja.

Kipepeo wewe uliuliza sanaa ya watu wa kawaida. Itafute nje ya nyumba. Hata ile picha ya fujo za uwanjani za mwaka 59, Wapompeii na mashabiki wa mji jirani wa Nuceria walianza kutukanana, yakaja mawe, yakaja mapanga, watu wakafa, Roma ikafungia michezo hiyo miaka 10. Kuna mtu kaenda kumlipa fundi amchoree ugomvi huo nyumbani kwake ukutani, na turubai la uwanja na vibanda vya wauzaji nje na watu wanadundana juu ya majukwaa. Huyo siyo mtu wa miungu na nguzo za uongo. Huyo alikuwepo!

Kipepeo Usiku

Aisee nimesoma mara mbili, asanteni sana. Mawili ya haraka kabla sijalala mapema leo. Tarehe, dokumentari imesema Agosti 24 lakini kwenye maoni watu wanapigana wanasema Oktoba. Na ile "piza" ya Pompeii niliyoiona inasambaa ni kweli?

Mzee wa Magofu

Agosti 24 inatoka kwenye nakala za barua ya Pliny Mdogo, mpwa wa yule Mkubwa aliyeshuhudia mlipuko, kwa mwanahistoria Tacitus, na nakala hunakiliwa vibaya. Mwaka 2018 wakakuta maandishi ya mkaa kwenye nyumba iliyokuwa inakarabatiwa, tarehe inayolingana na Oktoba 17. Ilidhaniwa mkaa haukai sana ukutani kwa hiyo wengi wakahamia vuli, ingawa wapo waliogoma kuhama. Piza siyo piza. Ni mchoro wa ukutani uliotangazwa mwaka 2023, mkate bapa kwenye sinia la fedha, matunda, pembeni kikombe cha mvinyo. Nyanya zilitoka Amerika karne nyingi baadaye.

Mkaidi Hafaidi

Kalamu, Celer nimempenda na husuda yake. Lakini tuone aliyekuwa anamshikia ngazi siku nyingine kama jina lake limeandikwa.

Kalamu ya Mkaa

Halijaandikwa. Ni "mshika taa" tu.

FundiLipu

Hata huyo Lucius nina wasiwasi naye, mtu wa kusaini kwenye kochi. Ila jamani ile habari ya maji ya brashi mimi nimeisimulia tu, nisije nikakuta kesho mteja wangu kasoma hapa ameanza kunisimamia kwenye ndoo.